Bunduki ya Shemeji (Sehemu ya Sita)

Mlango tuliouacha ukifungwa Jumamosi iliyopita ulifungwa kwa ufunguo, mara mbili, na ufunguo wenyewe ukatumbukia mfukoni mwa aproni ya Mzee Baruti.

Sekunde alibaki upande wa pili wa meza, mikono hewani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu. Ilikuwa saa nane mchana. Nje watu walikuwa wakipita, mmoja anacheka, pikipiki fulani inakataa kuwaka. Ndani ya karakana, kati yake na yule fundi mzee wa bunduki, ililala shotgani ya mtumba aliyoinunua siku tatu tu zilizopita.

"Nimekuuliza, mwanangu," Mzee Baruti alisema. "Aliyekuuzia alikwambia kwamba bunduki hii imeshaua mtu?"

"Hapana, mzee."

"Ni nani?"

"Shemeji yangu. Yaani, atakuwa shemeji wiki ijayo. Anamwoa dada."

Mzee akavuta kigoda akakaa. Hapo Sekunde akajua kwamba mambo ni mazito, maana tangu aingie mle hakuwa amemwona mzee yule akikaa.

Kama wewe ndiyo kwanza unatufikia, yashike haya machache. Sekunde si jina la kuzaliwa. Amepewa na mtaa kwa kuwa anatengeneza saa katika kibanda kisichozidi kabati la nguo, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mfupi, mwepesi, na hapendi kusubirishwa. Miezi minne iliyopita mteja mmoja alimpeleka kwenye klabu ya shabaha, mahali watu wanaporusha visahani vya udongo na kuvipasua angani kwa marisau, zile risasi ndogo ndogo kama punje. Viwili vilimpita. Cha tatu akakipasua. Mgongo uliokuwa umepinda juu ya saa za watu kwa miaka kumi na moja ulinyooka siku hiyo, na tangu hapo mwanamke huyu hakushikika.

Lakini bunduki ya klabu, ya kuazima, ilikuwa ndefu na ilimponda bega. Kocha akamwambia atafute yake. Wewe bado mgeni, alisema, usijikamue kununua mpya. Chukua ya mtumba iliyo nzima, ila usimpelekee afisa wa leseni karatasi yoyote kabla fundi hajaifungua tumbo na kuitazama ndani.

Dada yake aliposikia, akasema mchumba wake anayo moja anayotaka kuiondoa nyumbani. Mchumba huyo ni mpima ardhi, mgane wa miaka mitatu, mtu wa sauti ya chini na viatu visivyopata vumbi japo kazi yake ni mashambani. Aliitoa kwa bei ya kutupa. "Bei ya shemeji," alisema, akatabasamu. Akaongeza kwamba hakuna haja ya kuhangaika na mafundi, yeye anamfahamu mtu atakayepiga muhuri bila maswali.

Sekunde alishukuru. Halafu akaipeleka kwa fundi.

"Mkewe alikufa kwa bunduki," alisema sasa. "Hilo tunalijua sote. Ilianguka kutoka mezani akiwa anaisafisha, ikafyatuka. Lakini ile ilichukuliwa na polisi, ikayeyushwa. Alituambia mwenyewe. Hii aliinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu."

Mzee Baruti aliinyanyua bunduki, akaikunjua, akachungulia mitutu yote miwili kuhakikisha haina kitu, kwa mara ya nne tangu aipokee. Kisha akaigeuza kitako juu.

"Ilikukaa begani vizuri?"

"Kama nimepimiwa."

"Alipimiwa mwenzako." Akaweka kidole kwenye ncha ya kitako. "Hapa nilikata mimi, upana wa vidole viwili. Alikuwa mwanamke wa kimo chako, anajifunza kama wewe, na bega lilikuwa limemvilia damu kama lako. Nilimpima pale pale uliposimama."

Sekunde akasogea hatua moja pembeni bila kukusudia.

"Labda ni nyingine iliyofanana, mzee."

"Namba yake iko hapa chini ya mtutu, na iko kwenye daftari langu. Sheria inataka kila bunduki inayoingia humu iandikwe: namba, siku, kazi, na saini ya aliyeileta. Ni hii, mwanangu. Haijayeyushwa popote."

Kwa hiyo shemeji alikuwa amedanganya. Sekunde alijaribu kumtafutia sababu, maana mtu anapokaribia kuwa wa nyumbani unamtafutia sababu. Labda aliona haya. Labda alihofia kwamba hakuna atakayenunua kitu chenye damu.

"Polisi wakimaliza humrudishia mwenye mali," alisema. "Huenda aliona tabu tu kutuambia."

"Huenda. Hilo silo lililonifanya nifunge mlango."

Mzee akasimama. Kutoka kwenye droo akatoa risasi mbili za bandia, zile za plastiki za mazoezi zisizo na baruti, akazitia. Akaifunga bunduki, akafungua kizuizi cha usalama, akailaza ukingoni mwa meza. Sakafuni akatandika kipande kizito cha mpira.

"Wewe masikio yako ni ya saa," alisema. "Humu ndani kuna nyundo ndogo. Ikipiga, italia tki. Sikiliza."

Akaisukuma.

Bunduki ikaanguka, ikadunda kwenye mpira, ikatulia. Sekunde alisikia kishindo cha chuma na mbao. Tki hakuisikia.

Mzee akaiokota, akaisukuma tena. Akaiangusha kwa kitako. Akaiangusha kwa mitutu. Akaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaigonga kwa nyundo ya mpira juu, chini na ubavuni, mpaka jasho likamdondoka kwenye kope. Mara kumi na sita. Sekunde alihesabu kila pigo lililopita bila ile sauti.

Mwisho mzee akaweka kidole kwenye kifyatulio, akavuta.

Tki.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hailii mpaka mtu aivute. Na kuivuta kwenyewe kunataka kidole chenye nia."

Alichukua bisibisi, akafungua skrubu tatu, na kwa koleo ndogo akachomoa kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Akakiweka juu ya kitambaa cheupe. Sekunde hakungoja kuambiwa. Alitoa lenzi yake mfukoni, akaipachika jichoni, akainama.

Alijua meno ya chuma. Ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote ya utu uzima. Hili lilikuwa jino linaloishika nyundo isipige. Likilika, bunduki inaweza kulia kwa kuguswa tu. Hili halikuwa limelika. Kona zake zilikuwa kali, safi, na ubavuni zilichongwa nukta mbili.

"Nukta hizo ni zangu," mzee alisema. "Nilitia jino jipya siku ile ile nilipokata kitako. Taarifa ya uchunguzi iliandika kwamba jino limelika. Hakuna aliyeifungua bunduki hii. Walimsikiliza mume akilia, wakaandika alichosema."

"Na wewe hukusema."

Mzee Baruti aliitazama mikono yake.

"Gazeti liliandika kwamba ilitengenezwa vibaya. Fundi wa mwisho kuigusa ni mimi. Nilikaa nikisubiri waje kuninyang'anya leseni. Hawakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikajiambia nikinyamaza na wao watanyamaza." Alipangusa vidole kwenye aproni. "Miaka mitatu, mwanangu. Mke wangu ananiuliza mbona siku hizi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Namwambia ni uzee."

Sekunde angeweza kumsuta. Alifungua mdomo amsute. Lakini juu ya meza simu yake ilianza kutetema, ikajisogeza taratibu mpaka ikagusa mtutu.

Kwenye kioo kuliandikwa: Shemeji.

"Pokea," mzee alinong'ona. "Usipopokea atajua."

Akapokea.

"Shemeji, habari za kazi?" Sauti ile ya chini, tulivu, ya mtu asiye na haraka.

"Nzuri, shemeji. Nipo tu hapa kibandani, saa za watu zimenielemea."

"Pole sana. Ajabu, maana na mimi nimesimama hapa kibandani kwako. Naona kufuli."

Sekunde akafumba macho.

"Nimetoka mara moja kununua betri."

"Sawa, sawa. Nilitaka tu kukwambia kwamba nimebadili mawazo kuhusu kile kitu. Nitakurudishia chako, na mimi nichukue changu. Dada yako yuko nami kwenye gari. Tunakufuata."

"Mnanifuata wapi?"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Hakuwa ameuliza yuko wapi.

Asubuhi ile Sekunde alikuwa amemwambia mtu mmoja tu kwamba angekwenda kwa Mzee Baruti. Alimwambia dada yake.

"Anapajua hapa?" mzee aliuliza.

"Dada anapajua kwa sababu nilimwelekeza. Yeye sijui."

"Mwanamume huyo hajawahi kukanyaga humu. Walikuja wanawake tu."

"Wanawake? Si ulisema alikuja marehemu?"

"Marehemu alikuja mara ya kwanza. Halafu siku tatu kabla ya kifo akaja mwingine nayo. Mrefu, mpole, anaongea kama anasoma. Akasema ametumwa na mwenyewe. Alitaka kifyatulio kilainishwe. 'Ikiguswa tu, ilie.' Ndivyo alivyosema, sijasahau hata neno. Nikamwambia bunduki ya namna hiyo ni kaburi, siifanyi. Hakubisha. Akatia saini ya kuichukua, akaondoka."

Sekunde alilipanga jambo lile kichwani, kipande kwa kipande.

"Walitaka bunduki ya kulaumiwa," alisema polepole. "Ulipokataa, wakaitumia hivyo hivyo, wakasema imelika."

"Hilo ndilo ninalolala nalo."

"Nionyeshe saini."

Daftari lilikuwa kubwa, la jalada gumu, kurasa zake zimeng'aa kwa mafuta ya vidole. Mzee alilifungua karibu na katikati, akarudi nyuma kurasa nne, akaweka kidole.

Jina lenyewe halikusomeka. Sekunde hakuhitaji kulisoma. Ulikuwa mwandiko wenye mkia unaorudi nyuma na kujifunga kitanzi. Alikuwa na miaka mitano, mama yao amezikwa mwezi uliotangulia, pale dada yake alipomkalisha sakafuni, akamshika mkono, akamfundisha kuuvuta mkia ule. Mpaka leo hata yeye alisaini hivyo hivyo.

Dada aliyeapa kwamba alikutana na mchumba wake mwaka jana, kwenye foleni ya benki.

"Mwanangu? Unamjua?"

Gari likasimama nje.

Walisikia mlango mmoja wa gari ukifunguliwa, kisha hatua nyepesi, kisha mlango wa karakana ukigongwa mara mbili, kwa adabu.

"Mdogo wangu. Ni mimi. Nifungulie kabla hajamaliza kuegesha."

Mzee alitikisa kichwa kukataa. Sekunde akanyoosha mkono, kiganja wazi. Mtu aliye nje ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemlipia ufundi, ndiye aliyelala njaa ili yeye ale. Hakujua namna ya kumfungia mlango. Mzee alisita, akamtilia ufunguo mkononi.

Dada aliingia, akaurudisha mlango nyuma yake. Ni mwalimu wa chekechea, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye mikono ya gauni lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alimkazia macho. "Tumeshaonana."

"Tumeonana." Hakukana. Aliliona daftari lililo wazi, akaliona jino juu ya kitambaa, na mabega yake yakashuka.

"Ni saini yako," Sekunde alisema.

"Ni yangu."

"Ulituambia umemjua mwaka jana."

"Yeye nilimjua mwaka jana. Mkewe nilimjua kabla. Alikuwa mwalimu mwenzangu, tulikuwa tunakalia benchi moja chumba cha walimu." Alikuwa anaongea haraka, kwa sauti ya kunong'ona, sikio moja likiwa mlangoni. "Kifyatulio kilikuwa kizito, kidole kinamuuma. Akaniomba nimpitishie kwa fundi kwa kuwa njia yangu ni hii. Maneno ya kumwambia fundi mumewe alimwandikia kwenye karatasi. Niliyasema kama nilivyoyasoma. Siku tatu baadaye nikawa namzika."

"Hiyo karatasi iko wapi?"

"Niliirudisha pamoja na bunduki."

"Na hukwenda polisi."

"Niende niseme nini? Saini iliyopo hapa ni ya nani?" Machozi yalimlenga, hayakudondoka. "Nimemsogelea mtu yule mpaka akanivisha pete, ili tu niione bunduki hii ikitoka kabatini kwake. Nani unadhani alimshauri akuuzie wewe? Nilijua wewe hununui hata mkanda wa saa bila kuuchunguza kwanza. Nilijua utaileta kwa fundi."

"Na yeye amejuaje kwamba niko hapa?"

"Ameniuliza, nimemwambia. Ningemficha angeshtuka."

Sekunde alitaka kumwamini. Alitaka kwa mwili mzima. Na kila neno lilikaa mahali pake, hakuna lililolegea. Kilichomtisha ni kwamba muda wote ule, tangu sentensi ya kwanza, macho ya dada yake hayakuwa yakimtazama yeye. Yalikuwa kwenye daftari.

"Mzee," dada alisema, "naomba huo ukurasa."

"Wa nini?"

"Saini yangu ikibaki, atasema aliyepanga ni mimi. Nitaozea ndani, yeye atoke. Jino mnalo, linatosha."

"Halitoshi," mzee alisema. "Bila daftari, jino hilo ni chuma tu. Daftari ndilo linalosema nilitia lini, na kwenye bunduki ipi. Ukichana ukurasa huu umemwachia huru."

"Ukurasa mmoja tu, mzee wangu."

"Kurasa zote mbili zimeandikwa karatasi moja, mbele na nyuma. Ukitoka wako, wa marehemu unatoka nao."

Mkono wa dada ulikuwa umeshalishika daftari. Mzee akalishika upande wa pili. Hawakuvutana. Walilishika tu, wametazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aachie.

Nje mlango wa pili wa gari ulifungwa. Nyayo zikasikika juu ya kokoto, bila haraka.

Sekunde hajawahi kukata shauri upesi kama alivyokata pale. Aliinama kama mtu aliyeangusha lenzi yake, akalichota lile jino kutoka kwenye kitambaa, akalitia mdomoni na kulibana chini ya ulimi. Lilikuwa la baridi, lina ladha ya mafuta ya mashine. Mzee alimwona. Dada, aliyekuwa amelikazania daftari, hakuona. Au alijitia hakuona.

Mlango ukafunguka.

Shemeji alisimama kizingitini, akapangusa viatu vyake kwenye gunia, kimoja kisha kingine. Akawatazama wote kwa zamu: mzee, daftari lililoshikwa na mikono miwili, bunduki iliyotumbuliwa matumbo juu ya jiliwa. Uso wake haukubadilika. Akaingia, akaufunga mlango, na kwa kuwa Sekunde alikuwa ameuacha ufunguo kwenye kitasa, akauzungusha.

"Umeshamwambia?" alimuuliza dada.

"Nimemwambia," dada akajibu. Hakugeuka kumtazama mdogo wake.

Amemwambia nini? Kwamba bunduki inarudishwa, au yale mengine yote? Sekunde alimtafuta dada yake usoni apate hata dalili, akakuta uso ule wa darasani, mtulivu, unaowangoja watoto wanyamaze.

Mpima ardhi alisogea mezani. Aliinama kidogo juu ya kile kitambaa cheupe, akakigusa kwa ncha ya kidole, mahali palipobaki alama ndogo ya mafuta yenye umbo la kitu ambacho hakipo. Alikaa hivyo kwa muda, akipima.

Kisha akainua macho, akamtazama Sekunde mdomoni.

"Shemeji," alisema kwa sauti ile ile ya chini, "mbona huongei?"